Nilizima Friji

Nilizima friji saa tano na robo usiku
kwa sababu ina mngurumo wake,
sauti nene ya mzee aliyelala chali,
na simu yangu husikia kila kitu
isipokuwa ninachotaka isikie.
Humo ndani, barafu arobaini na mbili:
ishirini za ubuyu, zilizobaki za ukwaju,
mtaji wa kesho, wa getini shuleni.
Nikaziambia, dakika tano tu, wanangu.

Godoro nikaliegemeza dirishani
kuzuia pikipiki za Barabara ya Kumi na Tano.
Kanga nne kwenye kamba, mbele ya uso,
moja imeandikwa NAJUA MNASEMA, SEMENI VIZURI.
Nikaimba nikiisoma.

Wimbo wenyewe si wangu. Wa kale, wa ng'ambo.
Wa mtu aliyeachwa asiyetaka kusema kaachwa,
anasema tu mwaka huu mvua imezidi.
Miezi saba nausikiliza,
nikikamua ukwaju,
nikifunga vifuko kwa meno.
Kuna neno moja, ubeti wa pili,
maana yake siijui hadi leo;
nalivuta tu kama mlenda,
likatike litakapotaka.

Mama alipousikia mara ya kwanza aliuliza,
"Huyu mwimbaji mbona anachelewa?
Ngoma imeshapita, yeye ndiyo kwanza anakuja,
kama karani wa ardhi."
Kwao jazi lilikuwa jambo la miguu:
magitaa matatu, tarumbeta, Jumamosi ukumbini,
mpaka saruji itoe vumbi.
Hii yangu ya kukaa kitini
na kulia kwa vipande
aliiita jazi ya mgonjwa.

Lakini ni hapo hapo, mama, kwenye kuchelewa!
Nyuma ya mdundo pana kijinafasi
kama kile kati ya mtu kukwambia "nitarudi"
na wewe kujibu "haya."
Mle ndimo ninamoimba.

Mara ya kwanza nilikohoa.
Ya tatu, paka wa Bi Mwanakheri.
Ya sita ilikuwa safi mwanzo mwisho,
ila sikuwa nimebonyeza.
Ya tisa, basi, ya tisa ilikuja yenyewe.
Pale pa juu sauti ilichanika kidogo,
pindo la dera kwenye msumari;
sikugeuka kulitazama,
nikaendelea kutembea.

Bando lilikuwa linakata roho.
Nikaituma hivyo hivyo, na mchaniko wake,
jina langu kamili, Mwanaisha Shekigenda,
na picha ya ndoo nyekundu
kwa kuwa ya kwangu ilinitoa macho.
Nikalala na kanga za watu wote wanne.

Kulipokucha ilikuwa imesikilizwa mara kumi na tisa.
Sita ni mimi.
Mbili, najua, ni Kihiyo fundi baiskeli,
aliyekwisha kuisikia bure kupitia ukutani,
mara zote tisa,
na hakugonga.

Friji niliikumbuka saa kumi na moja alfajiri,
kwa miguu, si kwa akili:
sakafu inanata, nyekundu ya ubuyu,
vifuko vimelegea kama mashavu.
Mama alishafika na tambara.
Hakunisema. Alifuta, akakamua, akafuta,
halafu chini chini,
akichelewa, akichelewa vibaya mno,
akaanza ule ubeti wa pili
na lile neno akalivuta kuliko mimi.
Nilitaka kumuuliza kalitoa wapi.
Nikashika ndoo.

Zilizopona ziligandishwa upya,
zikaganda upande, nyonga juu.
Saa nane mchana, getini,
mtoto mmoja akaigeuza yake mara mbili.
"Dada, hii mbona imelala?"
"Ilikesha," nikamwambia.
"Lete mia."